Uso ulipinda nikiwa Guangzhou: niliyoyaona kwenye tiba ya sindano za Kichina

Tangu niposti ile picha nimelala nimechomekwa sindano usoni kama nungunungu watu wamenijaa inboksi, wengine wanacheka, wengine wana ndugu zao uso umepinda wanataka kujua kama inasaidia na bei gani. Nimeshindwa kumjibu mmoja mmoja, kwa hiyo naandika mara moja hapa kila nilichopitia, na mwenye mgonjwa asome mpaka mwisho maana kuna vitu vya haraka humu ndani ambavyo havisubiri.

Kwanza niseme mimi sio daktari wala mganga. Napokea mizigo ya watu wa Kariakoo na Tanga hapa Guangzhou, napima CBM, yaani ujazo wa mzigo, napakia kontena, basi. Kichina changu ni cha sokoni, cha kupunguza bei na kugombana na dereva. Cha hospitali sikuwa nacho kabisa.

Ilianza na maumivu nyuma ya sikio la kushoto. Nikajua nimelala vibaya. Siku mbili hivi yanakuja yanaondoka, tena nikawa nasikia sauti upande ule kubwa kuliko kawaida, mtu akiburuta katoni sakafuni nahisi kichwa kinapasuka. Asubuhi moja napiga mswaki, nasukutua, maji yanatoka pembeni yenyewe. Nikajaribu tena, yanatoka. Nikatazama kioo, nikatabasamu, upande wa kulia ukatabasamu na wa kushoto umekaa tu unanitazama. Jicho la kushoto nikilifumba halifumbi, linageuka juu linabaki jeupe. Bana, niliishiwa nguvu za miguu. Kitu cha kwanza kilichonijia ni kiharusi, maana baba mdogo wangu alianza hivyo hivyo na hakuamka.

Mama mwenye nyumba, mtu mzima wa Kichina ana roho nzuri sana, aliponiona tu akanishika mkono anivute kwenye kiduka cha masaji cha mtaani, pale wanaumika vikombe na kuchua, akasema huyo fundi ameshamponya jirani. Nilikuwa tayari navaa viatu. Aliyenizuia ni rafiki yangu mmoja Mkongomani tunakaa jengo moja, akaniambia ndugu yangu, hii sio ya kucheza nayo, tunaenda hospitali sasa hivi, hayo ya vikombe utafanya baadaye. Nashukuru mpaka leo.

Hospitali kubwa ya serikali, idara ya dharura. Daktari hata hakunipima na mashine kwanza. Akaniambia inua nyusi. Nikainua, upande wa kulia komwe likakunjamana, wa kushoto likabaki laini kama la mtoto. Akaniambia vimba mashavu, onesha meno, nyosha mikono miwili mbele fumba macho, sema namba. Akapima presha na sukari, akachungulia ndani ya sikio kutafuta vipele, maana kuna virusi vya mkanda wa jeshi vinaweza kupiga neva ya uso, ule mshipa wa fahamu unaoamrisha misuli ya uso, na tiba yake iko tofauti kidogo. Halafu ndo akatulia akasema hiki sio kiharusi, ni neva ya uso imevimba.

Hili la komwe lishikeni. Kiharusi mara nyingi mdomo unapinda lakini komwe bado linakunjamana pande zote, kwa sababu misuli ya juu ya uso inapata amri kutoka pande zote mbili za ubongo. Neva yenyewe ya uso ikiharibika, upande wote unalala, juu mpaka chini. Ila usijifanye daktari nyumbani kwa kipimo hiki, mtu akipinda mdomo ghafla anaenda hospitali, na kama mkono au mguu umelegea, au maneno yanachanganyika, huyo hata chai hasubiri.

Neva ya uso inapita kwenye tundu jembamba la mfupa nyuma ya sikio, ikivimba humo haina pa kutanukia, inajibana yenyewe. Wataalamu wanahisi mara nyingi ni virusi vya zile malengelenge za midomo vinavyoamka. Dawa ni prednisolone, ya kushusha uvimbe, na inatakiwa ianze ndani ya masaa 72, yaani siku tatu tangu uso ulipoanza kulegea. Ukichelewa zaidi ya hapo faida yake inapungua sana. Sasa fikiria ni watu wangapi kwetu wanamaliza wiki nzima wanazungushwa kwa shehe, kwa mganga, kwa mama mkunga wa mtaa, wanasomewa, wanapakwa, ndo wanakuja kufika hospitali. Mwenye sukari amwambie daktari mapema kwa sababu hiyo dawa inapandisha sukari.

Na jicho. Jicho likikosa kufumba linakauka, na kioo cha jicho kikichubuka ni shida ya maisha. Nilipewa matone ya kuweka mchana mara kwa mara na jeli ya usiku, nikilala nalifunga kwa plasta laini, na kwenye pikipiki au gala la mizigo navaa miwani sababu ya vumbi. Hii kazi ya jicho haina raha, na hakuna sindano ya Kichina wala ya Kizungu inayokufanyia.

Kilichonishangaza ni hapo mwishoni. Yule daktari wa dharura, wa dawa za kisasa kabisa, baada ya kuandika prednisolone akaandika na karatasi ya pili ya kwenda ghorofa nyingine, idara ya sindano. Kwenye hospitali nyingi za kawaida China kuna idara ya tiba ya Kichina humo humo ndani, na daktari wa huku anamtuma mgonjwa kule bila kuona aibu. Mimi nilikuwa nadhani hizi ni kambi mbili zinazopigana.

Utaratibu wa hospitali za huku ujue kabla, utakuokoa. Unaanza kukata namba ya kumwona daktari, unalipa kwanza, ndo unaonwa, akikuandikia kitu unaenda kulipia tena, halafu unarudi na risiti. Karibu vyote vinafanyika kwenye simu, pasipoti uwe nayo mkononi kwa kuandikishwa. Namba ya daktari wa kawaida ni bei ndogo, profesa ni ghali zaidi, na kwa uso uliopinda sikuona haja ya profesa kila siku. Kikao kimoja cha sindano kilikuwa kinanitoka yuan mia na kidogo, piga kama elfu arobaini ya Tanzania. Kwa kikao kimoja sio mbaya. Ila sindano hupigwi mara moja, wanahesabu kwa kozi, kozi moja mara nyingi ni vikao kumi, na mgonjwa wa uso anaambiwa mapema kabisa ajiandae kwa kozi mbili au zaidi. Ongeza nauli, ongeza masaa, ongeza wateja uliowakosa. Mimi masaa ndo yaliniuma kuliko hela.

Daktari wa sindano alikuwa mama wa makamo, mkali kidogo, mikono ya moto. Alianza na ulimi. Akautazama juu, pembeni, akaniambia niuinue atazame chini. Kisha mapigo, vidole vitatu kwenye kifundo cha mkono wa kulia, akanyamaza, vitatu kwenye cha kushoto, akanyamaza tena, kila kidole anakikandamiza kidogo halafu zaidi. Maswali yake sasa: unalalaje, choo kikoje, unasikia kiu, unapenda maji ya moto au ya baridi, unatoka jasho usiku, kabla ya hapa ulikuwa umechoka? Nilikuwa nimetoka kupakia kontena mbili mfululizo, nalala na feni inanipiga usoni sababu joto la Guangzhou la mwezi wa saba nyie hamlijui. Akatikisa kichwa, akasema upepo na baridi vimeingia kwenye njia za uso wakati mwili umeishiwa nguvu za kujilinda.

Usiku nikampigia mama Tanga. Nikamweleza. Mama akasema, "Si ndo nilivyokwambia mwanangu, umepigwa na upepo wewe, hata hao Wachina wanajua." Nikakosa la kumjibu. Sasa mimi naamini habari ya neva iliyovimba, lakini lazima nikubali yule daktari wa sindano kwa maswali yake alinijua mwili wangu kuliko daktari yeyote niliyewahi kukaa mbele yake.

Nikiwa kitandani kila siku nilikuwa namuuliza maswali, mengine ananijibu, mengine ananiambia usiongee sindano zitasogea. Kwa nilivyomwelewa, wao wanasema mwilini kuna nguvu inayotembea, qi, na inatembea kwenye njia maalumu. Njia kubwa kumi na mbili, kila moja imefungamana na kiungo cha ndani, tumbo, ini, figo na kadhalika, ukijumlisha na mbili zinazopita katikati ya mwili mbele na nyuma zinakuwa 14. Juu yake kuna pointi 361 zilizokubaliwa rasmi. Njia ikiziba panauma au panalegea, kazi ya sindano ni kufungua. Haya mafundisho ni ya zamani, kitabu chao kikubwa cha mambo haya kina umri wa miaka kama elfu mbili. Ukipasua mtu hizo njia huzioni, na hata madaktari wa Kichina wenyewe wa leo wanajua hilo, wanasoma na anatomia pia.

Lakini mfumo wenyewe una mantiki yake, haupigwi ovyo. Uso wangu ulilala kushoto, lakini sindano ya mkononi alipiga mkono wa kulia, hapo kwenye nyama katikati ya kidole gumba na cha shahada, wanapaita Hegu. Nikamwambia daktari umekosea mkono. Akacheka, mara yangu ya kwanza kumwona anacheka. Akanichorea kwa kidole chake hewani: njia ya utumbo mpana inaanza ncha ya kidole cha shahada, inapanda mkono, bega, shingo, inaingia shavuni, inavuka hapa juu ya mdomo chini ya pua kwenda upande wa pili, inaishia pembeni ya pua. Inavuka. Kwa hiyo mkono wa kulia ndo unaoshika uso wa kushoto.

Na kupima pointi hawatumii rula. Wanatumia mwili wa mgonjwa mwenyewe, upana wa kidole gumba chako ni kipimo kimoja, vidole vinne vikilala pamoja ni vipimo vitatu. Pointi ya mguuni, Zusanli, iko vidole vinne chini ya goti upande wa nje wa ugoko, kwa vidole vyako wewe, sio vya daktari. Mtu mrefu na mfupi kila mmoja anabeba rula yake.

Kuchomwa sasa, ndo kila mtu anachouliza. Sindano ni nyembamba sana, robo milimita hivi, haina tundu, haina dawa ndani, inapinda ukiigusa. Alifungua pakti mbele yangu, akapangusa na pamba ya spiriti, akashika ngozi kwa mkono wa kushoto na kwa wa kulia akaingiza kwa mdukuo mmoja wa haraka. Ngozini unahisi kama kuumwa na sisimizi, mara nyingine hata hicho huhisi. Juu ya nyusi moja, chini ya jicho moja aliyoiweka kwa tahadhari kubwa sana, nyuma ya ndewe la sikio, na pembeni ya mdomo akaingiza moja akailaza chini ya ngozi ikaelekea kwenye taya, ndefu, naiona kwa pembe ya jicho inasogea ndani ya shavu langu mwenyewe. Hiyo ilinitoa jasho. Haikuuma, ila kuona tu.

Ya mkononi ndo habari nyingine. Aliingiza, akaanza kuizungusha kwa vidole, kulia kushoto, anaipandisha kidogo anaishusha, macho yake yako usoni kwangu sio kwenye sindano. Ghafla mkono ukajaa uzito, kitu kizito kinasambaa kama maumivu ya ndani ya mfupa kuelekea kwenye kiwiko, kidole gumba kikaruka chenyewe. Nikapiga kelele. Yeye akasema "hao", yaani vizuri, akaacha hapo hapo. Hicho ndo wanachokitafuta, wanasema qi imefika. Kuna uchungu mzito, ganzi, kujaa na uzito, hivyo vinne vinahesabika sawa. Maumivu makali ya kuchoma, au umeme unaokimbia mpaka vidoleni, hayo mwambie hapo hapo aitoe au aisogeze, usijikaze kiume. Na kama hujui Kichina jifunze angalau maneno mawili kabla: tong ni inauma, zhang ni inajaa. Yananitosha mpaka leo.

Baada ya hapo unaachwa nusu saa umelala, taa yenye joto inakuwakia shavuni, na wodi nzima watu wako kimya kila mmoja na zake. Watu wazima wa mgongo, mabinti wa ofisini wenye shingo, mzee mmoja aliyepata kiharusi analetwa na mkewe kwa kiti cha magurudumu, anapiga stori na kila mtu. Mimi peke yangu mweusi kwa hiyo stori ni mimi. Yule mzee ndo alinifundisha kitu muhimu kuliko vyote: hesabu sindano zikiingia, hesabu zikitoka. Nilidhani anatania. Wiki iliyofuata nimeshavaa viatu nikahisi kitu kinachoma nikijikuna, moja ilibaki imejificha kwenye nywele juu ya sikio. Haikunidhuru, muuguzi aliomba radhi, lakini tangu siku hiyo nahesabu kwa sauti.

Foleni za hospitali zikanichosha, kila safari nusu siku imeenda na wateja wa Dar wanapiga simu mzigo uko wapi. Mtu akanielekeza kliniki moja binafsi karibu na gala letu, hakuna foleni, mapokezi wanaongea Kiingereza, chai wanakupa. Kikao kimoja cha kwanza bei nafuu kabisa. Kisha nikaletewa karatasi ya kulipia vikao vingi mbele kwa punguzo, pamoja na maboksi ya dawa za kuchemsha, jumla yake ni kodi yangu ya miezi miwili. Nikasema nifikirie. Nikiwa nimelala akaja kijana, akaunganisha waya za mashine ya umeme kwenye sindano za usoni, akawasha, upande wote wa uso ukaanza kuruka ruka wenyewe, jicho linafumba mdomo unavutwa, nikamwambia punguza anasema hii ndo inaponesha haraka. Nikamwambia toa. Kesho yake nilipomsimulia daktari wangu wa mwanzo alinuna. Yeye umeme usoni wiki za mwanzo hataki kabisa, na hata sindano zenyewe siku za mwanzo alikuwa anapiga chache na juu juu, kazi kubwa anaifanya mikononi na miguuni. Hofu yake ni neva kurudi imejiunganisha vibaya, mtu akicheka jicho linafumba, akila chozi linatoka. Haikukubaliwa na kila daktari hiyo, wengine wanatumia umeme taratibu baadaye, lakini kuwasha kwa nguvu kwa mgonjwa mpya bila hata kumuuliza ana siku ngapi, mimi hapo nilishaelewa.

Kwa hiyo mtu akikuuzia vikao ishirini kabla hajakushika ulimi wala mapigo, rudi nyumbani.

Vikombe nilifanyiwa pia, mgongoni, kama hijama ya kwetu ila hawakunichanja. Na moksa, hiyo ni majani makavu yaliyosokotwa kama sigara nene, wanawasha na kuyasogeza karibu na ngozi, harufu yake inakaa kwenye shati siku mbili. Mmea wenyewe ni jamaa ya ule ule ambao Wachina walitoa artemisinin, na dawa zilizotokana nayo leo ziko ndani ya dawa mseto ya malaria tunayomeza sote. Yule mama mwanasayansi aliyeifanyia kazi, Tu Youyou, alipata Nobel 2015, na alianza kwa kupekua vitabu vya zamani vya tiba ya Kichina. Nilipojua hivyo dharau yangu ilipungua kidogo, ingawa kitabu cha zamani kilimpa pa kuanzia tu, dawa aliipata maabara.

Nisiwafiche, zile wiki zilikuwa mbaya kichwani. Unakula upande mmoja, chakula kinajaa shavuni unakitoa kwa kidole, ladha huijui, chai unakunywa kwa mrija inakuchuruzika bado. Kupiga simu ya video na mwanangu niliacha, maana mara ya kwanza alilia. Wateja wananitazama mdomo badala ya bei. Kuna siku nilikaa ngazini pale hospitali nikawaza kurudi Tanga nikalale kwa mama. Mwenye ndugu mwenye hali hii jueni hata kama anacheka nanyi anaumia, na msimrekodi video kwa ajili ya kumpima kama amepona.

Komwe ndo lilianza, mkunjo mmoja mdogo. Kisha jicho. Mdomo ulichelewa. Mpaka leo nikichoka sana jicho la kushoto linakuwa dogo kidogo, anayelijua ni mke wangu tu.

Sindano ndo zimeniponya? Hapa nitawaudhi baadhi yenu. Sijui, na anayekuambia anajua kwa mgonjwa mmoja anakudanganya. Ugonjwa huu kwa watu wengi, kama saba kwenye kumi, unapona wenyewe kabisa hata bila dawa, na prednisolone inaongeza hiyo namba. Kwa hiyo kila mganga duniani ana ushuhuda wa uso uliopinda ukarudi. Tafiti za sindano kwa ugonjwa huu zipo nyingi China lakini wengi waliozipitia wanasema hazikufanywa kwa uangalifu wa kutosha. Kuna mmoja mzuri kidogo wa 2013, wagonjwa zaidi ya mia tatu, wote walipewa na prednisone (ndugu wa prednisolone), wote walipigwa sindano, ila kundi moja sindano zilizungushwa mpaka ile hali ya kujaa ifike na lingine zikaachwa tu zimekaa. Waliozungushiwa walipona vizuri zaidi. Sasa inawezekana ni sindano, inawezekana mtu akihisi kitu kinafanyika mwili unaitika. Yule daktari wangu nilimuuliza hili swali wazi wazi. Akasema neva inakua milimita moja kwa siku, mimi naitengenezea tu mazingira.

Mgongo ndo hadithi nyingine. Mgongo wangu wa kubeba katoni una miaka, na nilipomaliza uso nikamwomba anipige na mgongo. Hapo nilisikia tofauti mapema, ninalala usiku mzima. Na kwa maumivu sugu, mgongo, shingo, goti, kichwa, ushahidi uko imara zaidi, uchambuzi mkubwa wa 2018 ulijumlisha wagonjwa kama elfu ishirini wa majaribio 39 ukaonesha sindano zinasaidia na nafuu kwa sehemu kubwa inaendelea mpaka mwaka mmoja. Ila sindano za uongo, zile za kuchoma pasipo pointi, nazo zilisaidia, tofauti kati yake na za kweli ni ndogo. Mimi mgongo umepoa, sigombani.

Ukiamua kwenda, kula kwanza. Usiende na njaa wala umetoka kubeba mzigo, watu wanazimia, niliona kijana mnene mzima anaanguka kwa sindano moja ya shingo kwa sababu alikuwa amekaa na hana kitu tumboni. Mara ya kwanza omba uchomwe umelala, sio umekaa. Mwenye mimba aseme hata kama ni changa, kuna pointi hawapigi wajawazito, hiyo Hegu na nyingine juu ya kifundo cha mguu upande wa ndani. Anayetumia dawa za kuyeyusha damu aseme. Sindano iwe ya kutumika mara moja, pakti ya kiwandani, ifunguliwe mbele yako, kama ametoa kwenye kibakuli cha spiriti wewe shuka kitandani. Na sindano za kifuani, mgongo wa juu na mabegani hazichezewi, mapafu yapo hapo chini karibu sana, ikiingia ndani zaidi pafu linatoboka. Ukibanwa na pumzi au kifua kuuma baada ya kikao, hata masaa kadhaa baadaye, nenda dharura uwaambie ulichomwa sindano wapi.

Kwa mlioko nyumbani sio lazima upande ndege. Zanzibar madaktari wa Kichina wapo tangu 1964, wanatoka mkoa wa Jiangsu, na bara walianza kuja 1968 kutoka Shandong, na mara nyingi kwenye timu zao huwa yupo wa sindano. Kwa kliniki binafsi ulizia cheti cha usajili wa Baraza la Tiba Asili na Tiba Mbadala, cha mtoa huduma mwenyewe na cha kituo, ni vyeti viwili tofauti. Asiyetaka kuonesha, aga vizuri uondoke.

Mjomba wangu wa Pongwe, yeye goti linamsumbua, ameona picha yangu akanipigia nimchanganyie kwenye kontena boksi mbili za hizo sindano, anasema atajichoma mwenyewe kwa kuangalia YouTube, pointi ya goti ameshaiona iko wapi na vidole vinne anavyo. Nimemwambia, "Mjomba shikamoo, boksi la sindano halipandi kwenye mzigo wangu, nauli ya kwenda hospitali ya Bombo nakutumia leo hii." Hela ameipokea, ila bado anauliza kontena linatoka lini.